Hakupita Kiganjo

Siku ya kwanza alipiga saluti
kama mtu anayekinga jua.
Vidole vimetawanyika, kiwiko kimelegea,
na sisi uwanjani, mistari mitatu, saa moja kasoro,
tukameza kicheko kama dawa ya minyoo.

Nyota zake hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja.
Mimi utepe wangu una miaka kumi na minane,
umepauka kama kitambaa cha kudekia.
Tuliambiwa: huyu ni Bi. Zipora Nyanchoka,
msimamizi wa bohari ya dawa hospitalini,
miaka ishirini akihesabu chupa.
Chupa!
Koplo Lokwawi akaninong'oneza,
"Sasa tutadungwa sindano."

Hakupita Kiganjo. Hakulala kwenye baridi ile
inayoshuka mlimani na kuingia blanketini bila hodi.
Hakutambaa matopeni huku mtu akimtukania mama.
Hajui bunduki ina uzito gani saa tisa usiku
mwenzako akienda haja na kukuacha na giza.
Atatuongozaje huyu?
Tuliuliza hivyo wiki nzima, juu ya chai,
na kila aliyeuliza
alikuwa akilitazama bega lake mwenyewe.

Wiki ya pili alishuka seli.
Wakubwa hawashuki seli. Harufu huwalaki mlangoni
nao huitii amri yake.
Yeye alivua kofia, akaomba funguo,
akahesabu kwa kidole, mmoja mmoja,
akauliza majina,
akapanda hadi mezani pangu, kwenye kitabu cha matukio.

"Sajini, kitabu kinasema kumi na mmoja."
"Ndiyo, Afande."
"Chini kuna kumi na watatu."

Nje, Barabara ya Jogoo ilikuwa inapiga honi.
Kuna mtu alikuwa anauza mayai ya kuchemsha;
nilisikia kijiko chake kikigonga ndoo ya kachumbari.
Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.
Nimeishika chini ya makamanda saba,
wote wa nyumbani, wote waliotambaa tope lile lile,
na wote walijua wale wawili hutoka kwa shilingi ngapi.
Hakuna hata mmoja aliyenifundisha kuiba.
Hakuna hata mmoja aliyehesabu.

Hakufoka. Ningependa afoke;
kufokewa nimezoea.
Alisema tu, "Bohari ikipungukiwa chupa, kuna mgonjwa.
Ikizidi chupa, kuna mgonjwa pia.
Hujui tu yuko wadi gani."
Akasimama pale, kamba ya mkoba ikizifunika nyota,
hadi nikaandika jina la kwanza.
La pili lilikuwa la mtoto wa darasa la nane.

Sisemi ametuletea pepo.
Usiku Konstebo Tipape alipopigwa risasi,
redio ilipolia, aliuliza, "Anapumua?"
wakati alipaswa kuuliza wako wangapi, wamekimbilia wapi.
Lokwawi alimpokonya redio mkononi.
Dakika zile nne tulizipoteza,
na hadi leo Lokwawi huzitaja
kama mtu anayetaja deni.

Lakini alikuja matangani, kambini kwetu,
akaketi sakafuni na mjane,
mgongo ukigusa pazia linalogawa chumba.
Pazia likakohoa.
"Upande wa pili analala nani?"
Nikasema, "Mimi, Afande. Na mke wangu. Na watoto watatu."
Alilitazama lile pazia, maua yake ya samawati,
akafungua daftari dogo
akaandika tatu na mbili.
Sijui ameipeleka wapi hesabu hiyo.
Pazia bado lipo.

Saluti yake bado mbaya.
Jana nilimpigia yangu, kisigino kikalia,
naye akanijibu kwa kile kiganja cha kukinga jua,
akauliza, "Chini wako wangapi?"

Kitabu kilikuwa wazi mbele yangu.
Nilichukua funguo, nikashuka.